Gundi ya Dukani kwa Mangi

Bwana wa kisa hiki tumweke Tabata, Dar es Salaam, maana lazima akae mahali. Ana Toyota Crown nyeupe yenye viti vya ngozi nyeusi, na gari hilo ndilo linalomlisha: Jumamosi hubeba maharusi, katikati ya wiki hupokea wageni uwanja wa ndege. Gari la harusi halikodiwi kwa injini yake. Mwenyekiti wa kamati ya harusi akija kulikagua hafungui boneti. Anafungua mlango wa nyuma, anapitisha kiganja kwenye kiti, anavuta harufu, ndipo mazungumzo ya bei yanaanza. Kwa hiyo asubuhi alipokuta kiti chake mwenyewe, cha dereva, kimechanika urefu wa kidole cha shahada, moyo ulimwenda mbio, na alikuwa na haki.

Kilichochanika ni ubavu wa egemeo, upande wa mlango, pale palipotuna ili kumshika dereva kiunoni. Viti vingi vya dereva huanza kufa hapo, kwa sababu ndipo mwili unapojisugua kila mtu anapoingia na kutoka. Muuzaji anaweza kurudisha nyuma kilomita za gari usiku mmoja, lakini ubavu wa kiti hana pa kuurudisha. Anayenunua gari lililotumika ni heri aanze kuutazama huo kabla ya kuinamia dashibodi.

"Mpelekee fundi," mkewe alimwambia.

"Fundi wa nini, mama watoto, kitu kidogo hivi? Usipoziba ufa utajenga ukuta." Akamtuma mtoto dukani kwa Mangi, mtoto akarudi na supagluu.

Visa vya kuonya tumevizoea vikimwadhibu mvivu: aliyeahirisha, aliyepuuza, aliyesema kesho. Huyu hakuahirisha hata saa moja. Methali aliyoitaja aliitii sawasawa, na ukuta akaujenga vilevile, tena mrefu kuliko ule ambao angeujenga kama angeuacha ufa wake akaenda kulala. Wahenga walituhimiza kuziba. La kuzibia walituachia wenyewe, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Gundi ile ilipatikana kwa bahati katika maabara za Eastman Kodak, Marekani, mwaka 1942, wakati Harry Coover na wenzake walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha za bunduki. Waliiweka kando kwa sababu ilinasa kila ilichogusa. Ilirudi mezani mwaka 1951, ikaingia sokoni mwaka 1958. Inashika kwa msaada wa unyevunyevu, hata ule mdogo uliomo hewani na kwenye ncha ya kidole, ndiyo maana inakauka kabla hujamaliza kujuta. Kwenye kikombe kilichovunjika inafaa sana, maana kikombe hakijikunji. Kiti kinajikunja kutwa. Nyuzi za ngozi zikiinywa gundi hiyo zinakuwa kitu kigumu kisichopinda, na dereva akiegemea, kinachopinda ni ngozi laini iliyo jirani na ugumu ule. Nayo inakatika palepale mpakani.

Ndivyo ilivyokuwa. Mpasuko mmoja ukawa miwili, mmoja kila upande wa mstari wa gundi, na kingo zikawa kali kiasi cha kunyofoa nyuzi za suruali.

Turudi nyuma kidogo, kwenye asubuhi ile kabla mtoto hajafika kwa Mangi, maana ndiyo saa pekee ambayo kazi ilikuwa rahisi. Jambo la kwanza lilikuwa kuchungulia ndani ya mpasuko. Ngozi halisi, upande wake wa chini, ina manyoyamanyoya: nyuzi zilizosokotana bila mpangilio. Reksini chini yake ina kitambaa kilichofumwa, unaona kabisa mistari ya uzi. Magari mengi yanayotangazwa kuwa na viti vya ngozi yana ngozi pale tu mtu anapokalia na kuegemea, na sehemu za pembeni na za nyuma ni reksini iliyopigwa chapa ya vinyweleo ili ifanane nayo. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa gundi. Reksini ina mafuta ya kuilainisha plastiki yake, na mafuta hayo huhama polepole na kuilegeza gundi ya viatu, hadi kiraka kinaanza kuteleza mahali pake. Kiti cha bwana wetu, ubavuni, kilikuwa ngozi. Hakuchungulia.

Ngozi ya gari nayo ina mambo yake. Tangu Augustus Schultz wa New York alipopata hataza ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromu mwaka 1884, ngozi laini inayostahimili joto na maji imewezekana kwa wingi, na viti vingi vya ngozi vya magari vimetokana na njia hiyo. Ni ngozi ya ng'ombe iliyopasuliwa hadi unene wa milimita moja na ushei. Juu yake hupakwa rangi, na juu ya rangi huja tabaka angavu la poliyurethani. Kwa hiyo mtu anayepapasa kiti cha ngozi cha gari la kisasa anapapasa tabaka hilo, na ngozi yenyewe iko chini haijamwona. Watu wengi hawalijui hili, na ndilo litakalomponza bwana wetu muda si mrefu.

Kisha kiraka. Kiraka cha kiti hakibandikwi juu. Kinaingizwa ndani ya mpasuko, kikakaa kati ya ngozi na sponji. Unafuta pande zote kwa kitambaa chenye spiriti ili mafuta ya mwili yatoke, unakata kwa wembe nyuzi zilizochomoza badala ya kuzivuta, kisha unakata kipande cha kitambaa kigumu kisichovutika, turubai jembamba au jinzi iliyochakaa, kikubwa kuliko mpasuko kwa sentimita 2 hivi kila upande. Pembe zake uzikate mviringo, maana pembe kali itajichora juu ya ngozi siku za mbele na kila mtu ataiona. Kwa kibanio unakiingiza, unakinyoosha ndani kwa kijiti hadi kilale bila mkunjo. Gundi ni ile inayobaki laini ikikauka. Unaipaka chini ya mdomo mmoja wa mpasuko, unabana, halafu wa pili, ukihakikisha kingo zinakutana bila kupandana. Unaweka uzito juu na unaacha hadi kesho yake. Hapa watu wengi hushindwa, kwa kuwa kidole kinataka kwenda kujaribu.

Ufa utakaobaki hujazwa kwa rojo maalumu inayonyumbulika, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kila moja likisubiriwa likauke, kisha msasa laini, namba 400 na baadaye 600. Rangi hupigwa kwa sponji kidogo kidogo. Mwisho ni lile tabaka angavu, na hapo ndipo mikono ya mafundi inapotofautiana, kwa sababu jicho husamehe rangi iliyopishana kidogo kuliko linavyosamehe mng'ao uliopishana. Kiti kilichofifia kwa umri kikipewa kiraka kinachometameta, ni afadhali kingebaki na tundu.

Hayo yote yangemchukua siku mbili. Supagluu ilimchukua dakika moja.

Baada ya gundi ukaja utepe mweusi. Gari likiachwa juani Dar es Salaam mwezi wa Februari, vioo vimefungwa, hewa ya ndani hukaribia nyuzi joto 60, na kiti cheusi kinachopigwa na jua moja kwa moja hupita hapo. Utepe uliteleza, ukajikunja pembeni, ukaacha ulimbo uliokusanya vumbi. Akaubandua, akaweka mwingine mpana zaidi. Ule mpana ulikuwa mweusi kuliko kiti, akaona haufichi kitu, akatoa kiwi ya viatu na kukisugua kiti chote ili kifanane na utepe. Kikafanana. Sasa kiti cha dereva kikawa cheusi kuliko vingine vyote, na gari la harusi lazima liwe na rangi moja. Akapaka na cha abiria wa mbele, na cha nyuma chote, mwisho hadi mwisho. Ukiifuata hesabu yake hatua kwa hatua huoni mahali alipokosea kujumlisha.

Harusi ilikuwa Jumamosi: kanisani saa nane mchana, picha ufukweni, ukumbini saa moja jioni. Kiatu ambacho ngozi yake haijafunikwa kwa plastiki hunywa nta na rangi ya kiwi. Kiti chenye poliyurethani hakinywi kitu, kwa hiyo kiwi yote ilikuwa imekaa juu ikisubiri joto na mtu wa kuifuta. Mtu huyo akawa bibi harusi.

Aliyeona kwanza ni mpambe, nje ya ukumbi, MC ameshataja majina na muziki umeshapigwa. Mistari miwili myeusi nyuma ya mapaja na baka moja refu mgongoni, kwenye gauni jeupe la kukodi saluni. Hapakuwa na muda wa kulia. Mashangazi wanne walijipanga nyuma ya bibi harusi, bega kwa bega, wakaingia naye wakicheza hatua kwa hatua hadi jukwaani, bila kuachia hata upenyo wa kiganja. Waalikwa wakasifu jinsi ukoo ule unavyopendana.

Jumatatu bwana wetu alimpigia mwenyekiti wa kamati kuulizia salio lake.

"Salio tumelipia gauni, mkuu," akajibiwa. "Na halijatosha."

Mtu wa kawaida angesimama hapo. Yeye aliona tatizo ni kiwi, basi akaitoa kiwi kwa petroli. Petroli iliitoa kweli, pamoja na sehemu ya lile tabaka angavu, na viti vikabaki vimepauka mabakabaka. Kuvirudishia mng'ao alivipulizia dawa ya kung'arishia dashibodi. Dawa nyingi za namna hiyo zina mafuta ya silikoni, na silikoni ikishaingia kwenye nyufa za ngozi haitoki kwa kitambaa na maji. Rangi itakayopakwa baadaye itajikusanya vijiduara na kukimbia, na gundi nayo haitashika. Wapaka rangi za magari wanaijua balaa hiyo vizuri, wengine hawataki hata chupa yake iingie gereji.

Ni hapa ninapotaka msomaji atulie nami kidogo, maana ubaya wa matengenezo haya hauko kwenye uchafu wake. Matengenezo mabaya yanayoweza kufutwa ni hasara ndogo. Supagluu ilikomaza kingo, kiraka cha ndani kikawa hakina ngozi laini ya kushikana nayo. Ulimbo wa utepe na petroli vikaharibu uso, na silikoni ikafunga mlango kwa rangi. Kila tiba ilikula nafasi ya tiba ambayo ingefuata. Fundi anayejua kazi hujiuliza, kabla ya kugusa kitu, kama mwenzake atakayekuja baada yake ataweza kuitoa kazi hiyo na kuanza upya. Mtu anayejitengenezea nyumbani hajiulizi, kwa sababu kwa mawazo yake hakuna atakayekuja baada yake.

Alikuja wa Keko. Keko kuna mafundi makochi ambao ukiwapa mbao, sponji na reksini wanakutolea kitu cha kuweka sebuleni kwa waziri, na huyu alikuwa mmoja wao. Alikitazama kiti, akasikitika kidogo, akasema ubavu wote ukatwe, ushonwe mpya. Kwa ubavu uliofikia hali ile hakuwa mbali na ukweli: mpasuko ukishafika mshononi, au ukishakaa pale mwili unapolalia uzito kila siku, rojo na rangi havisaidii, kipande kizima hubadilishwa. Kipande cha zamani hufumuliwa na kutumika kuwa patani ya kipya. Hadi hapo sawa. Ila alichagua reksini nene, akaweka turubai chini yake kwa gundi, akashona kwa uzi mnene wa nailoni, mishono miwili sambamba, kwa nguvu ile ambayo kochi linaihitaji ili watoto warukie. Kitambulisho kidogo cha kitambaa kilichokuwa kimeshonewa pembeni mwa kiti alikikata, kwa kuwa kilikuwa kinaharibu mstari.

Kiti walikuwa wamekitoa nje ya gari kwa kufungua bolti nne na kuchomoa soketi zilizokuwa chini yake, mojawapo ya manjano. Kijana msaidizi alitaka kulisogeza gari kivulini, akaketi juu ya ndoo, akawasha. Taa nyekundu ya kijitu chenye puto kifuani ikawaka kwenye dashibodi na haikuzimika tena, hata kiti kiliporudishwa. Kijana akakata kipande cha utepe mweusi, akakibandika juu ya taa. Kilitosha barabara.

Kazi ilipendeza. Mke alikubali kwamba imependeza. Wateja wawili watatu wakapanda bila kuona lolote kwenye kiti hicho. Kilichompeleka Ilala kwa mzee wa viti vya magari ni vile viti vingine vilivyopauka. Alitaka vipakwe rangi tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi kwenye gari kwanza, kaa, halafu toka nikuone unavyotoka."

Akakaa, akatoka.

"Tena."

Akatoka tena. Mzee akaangalia kiuno chake. Kwenye kitanzi cha mkanda wa suruali, upande wa kulia, ulining'inia mkungu wa funguo: za nyumba, za geti, za duka la mkewe, na kifungulio cha soda. Usukani wetu uko kulia, mlango wa dereva uko kulia, na funguo zilikuwa kulia. Kila aliposhuka alikuwa anaupigia msasa ubavu ule kwa chuma.

"Hicho ndicho kilichochana kiti chako. Hata ningekushonea bati, ungelichana."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kiti kilichanwa na nini. Nadhani hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kisa, na nitakiri kwamba sijui mafundi wengi, wa viti au wa miili ya watu, wanaoanza kwa kumtazama mtu anavyotembea.

Mzee akaubonyeza ubavu mpya kwa kidole gumba. Akaubonyeza tena juu zaidi, akaacha mkono pale. Akainama pembeni mwa kiti akitafuta kitu.

"Lebo ya eabegi iko wapi?"

Bwana wetu hakuwahi kujua kuwa ilikuwepo. Mzee akaingiza kichwa ndani, akapitisha ukucha kwenye dashibodi, akaubandua utepe. Akawasha swichi. Taa ikamtazama.

Mifuko ya hewa iliyozoeleka ni ile ya usukani na ya mbele ya abiria. Ila tangu Volvo ilipoanza kuuza Volvo 850 yenye mifuko ya ubavuni, katikati ya miaka ya 1990, watengenezaji wengi wameweka mfuko mwingine ndani ya egemeo la kiti cha mbele, upande wa mlango, kumkinga mtu kifua pale gari linapogongwa ubavuni. Kati ya mlango na mbavu za dereva hakuna nafasi ya kutosha, kwa hiyo mfuko huo lazima ufumuke ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Katika viti vingi hauna mlango wa plastiki wa kutokea. Unatoka kwa kuupasua mshono wa kava. Mshono huo, mahali hapo tu, umeshonwa kiwandani kwa uzi na kwa nafasi za sindano zilizopimwa ili ukatike upesi na mfuko uelekee unakotakiwa. Sehemu nyingine zote za kiti zimeshonwa zisikatike. Hapo pameshonwa pakatike.

"Fundi wako hana ubaya," mzee alisema. "Keko wanajua kushona kuliko mimi. Ila kochi halina baruti ndani."

"Sasa haitafunguka?"

"Labda itachelewa. Labda itatokea nyuma. Labda itafunguka vizuri. Kujaribu hakuwezekani, ikishapasuka imekwisha. Unataka kubahatisha?"

Mkewe alipopigiwa simu alitoa wazo la kununua kava za kuvalisha juu, zile zinazouzwa barabarani kwenye foleni, wafunike na kusahau. Ni wazo la watu wengi, na kwa kiti chenye mfuko wa ubavuni lina hatari ileile: kava inayozunguka egemeo lote inaufunga mshono ule kwa nje. Zipo zilizoachwa wazi pembeni au kushonwa maalumu kwa ajili hiyo. Anayenunua aangalie ubavuni kabla hajaangalia maua yake.

"Basi ufumue, ushone tena pole pole," bwana wetu akasihi.

Mzee alikataa kwa sababu mbili. Ngozi iliyotobolewa na sindano haijifungi. Ukishona mara ya pili ni lazima upite kwenye matundu yaleyale, la sivyo mstari unakuwa kama wa stempu za posta na unachanika kwa kuvutwa tu. Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi: kipande chenye mshono wa kiwandani kilishakatwa na kutupwa Keko, na nguvu ya uzi ule ilipimwa kwa mashine. "Mimi nina mkono," alisema, "na mkono hauwezi kuapa."

Njia iliyobaki ilikuwa kutafuta kava halisi ya egemeo la gari la aina ileile, ivuliwe kwenye kiti kingine na kuvalishwa kwenye chake, mfuko wake wa hewa ukibaki uleule aliokuja nao. Mzee hakutaka kusikia habari ya kununua mfuko uliotoka kwenye gari lililogongwa. Kabla ya kugusa chochote alichomoa waya wa hasi wa betri na kutuma chai. Miongozo ya Toyota inataka mtu asubiri walau sekunde 90 baada ya kuchomoa betri ndipo aguse mfumo wa mifuko ya hewa, kwa sababu umeme wa akiba hubaki ndani yake. Yeye aliona chai ni kipimo salama zaidi, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha gari hadi soketi ya manjano iliporudi mahali pake.

Kava ya kiti cha gari haikupigwa misumari wala stepla, maana ndani hakuna mbao. Inavutwa na waya zilizopita kwenye mikunjo, zikafungwa kwa pete ndogo za chuma kwenye fremu na sponji. Kuzikata ni kazi ya koleo na subira, na kuzirudisha kunataka koleo yake. Alipolivua egemeo alikuta turubai la Keko limegandia hadi kwenye sponji, akalazimika kukwangua. Mfuko wenyewe ulikuwa salama. Sindano haikuwa imeufikia. Bwana wetu alitaka kuugusa, akapigwa kofi dogo la mkono.

Kutafuta kava kulimzungusha mtaa wa Shaurimoyo duka kwa duka. Nyeusi zilikuwepo, ila moja ilikuwa imechanika palepale ubavuni, bila shaka na mtu mwenye funguo zake, na nyingine ilitoka kwenye kiti ambacho mfuko wake ulishafumuka. Nzima iliyopatikana ilikuwa ya kijivu. Mzee alimwambia rangi inaweza kubadilishwa, kwa kuwa kava ile ilikuwa safi na haijaonja silikoni, ila apige hesabu. Alipiga hesabu ya gauni, ya Keko, ya kava na ya mzee, akaona rangi ingoje. Taa ya dashibodi iliendelea kuwaka hata soketi iliporudi, hadi kumbukumbu ya kompyuta ya gari ilipofutwa kwa mashine, nayo ikamtoa hela nyingine.

Viti vingine mzee alivisafisha kwa dawa ya kuondoa silikoni, akarudia, akavipaka rangi na tabaka angavu. Vilitoka vizuri isipokuwa pembe moja inayomenyuka kidogo kila joto likizidi. Funguo anazihifadhi kwenye kisanduku cha katikati ya viti, mara nyingi. Gari linabeba maharusi kama zamani, egemeo la dereva la kijivu na mengine meusi, na wajumbe wa kamati wakimuuliza mbona hivi, anawajibu bila kusita kwamba hilo ni toleo maalumu, ndivyo lilivyotoka Japani.